Nani aliamua mtoto asafiri peke yake? Uzi wa watoto wanaovuka mipaka bila wazazi: Burundi, Kongo, Sudan Kusini, Eritrea, Ethiopia

#1 Nyakanazi (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Kila mapigano yakizuka kwa majirani zetu, picha za watoto waliofika mpakani bila mzazi husambaa, na maelezo yake huwa mawili tu: vita na umaskini. Ni kweli, lakini kwa maelezo hayo huwezi kumsaidia hata mtoto mmoja. Chukulia watoto wawili wanaofika Manyovu, mpakani upande wa Kigoma, siku moja, wote wana miaka 14, wote wametoka mlima mmoja (ngazi ya kijiji) wa Burundi. Mmoja anatakiwa atafutiwe mama yake upesi. Mwingine, ukimpigia simu baba yake, umempa taarifa mtu aliyepokea pesa za dalali. Hutawatofautisha mpaka uulize: nani aliamua huyu asafiri peke yake?

Wakati mwingine hakuna aliyeamua. Risasi zimelia mtoto akiwa shuleni au kisimani, mama kakimbia na aliyekuwa mgongoni, baba kakimbilia upande mwingine. Hawa wamepotezana, na kila upande unamtafuta mwenzake.

Wakati mwingine ukoo ulikaa ukaamua. Mvulana wa miaka 13 anaondolewa kijijini kabla wapiganaji hawajaja kukusanya vijana. Au anapelekwa kambini kwa sababu huko kuna shule na kwao shule imefungwa. Mtoto wa namna hii mara nyingi ana namba ya simu mfukoni, ana jina la mjomba aliyetangulia, na ameambiwa cha kusema akiulizwa.

Kisha kuna mtoto aliyeamua mwenyewe. Anakimbia kuozwa, kipigo cha baba wa kambo, au jeshi. Eritrea ndiyo mfano ulio wazi kuliko yote. Sheria ya mwaka 1995 inasema utumishi wa taifa ni miezi 18, lakini tangu vita ya 1998 hadi 2000 hauna mwisho unaojulikana, na tangu 2003 mwaka wa 12 wa sekondari unasomwa katika kambi ya kijeshi ya Sawa. Mtoto wa miaka 15 anapiga hesabu mwenyewe: akifika darasa hilo, amekwisha. Ndiyo maana kituo cha mapokezi cha Endabaguna, kaskazini mwa Ethiopia, kilipokea watoto wengi waliovuka bila hata kuwaaga wazazi. Hawakuaga kwa makusudi, ili mzazi asibebeshwe lawama.

Na kuna mtoto aliyeamuliwa na mtu wa nje ya familia: dalali, mwenye shamba, "shangazi" asiye na undugu wowote.

Sababu hizi huchanganyika, na mtoto aliyeanza kundi moja huishia jingine. Aliyetangulizwa na ukoo anaibiwa nauli njiani, anabaki mikononi mwa dalali.

Jambo la mwisho kabla sijawaachia uwanja. Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Haki za Mtoto, katika Maoni ya Jumla Na. 6 ya mwaka 2005, inatenganisha mtoto *asiye na mtu mzima yeyote* wa kumlea kisheria au kimila, na mtoto *aliyetengana na wazazi* lakini yuko na bibi, kaka mkubwa au ndugu mwingine. Wa kwanza anahitaji mlezi leo hii, kabla jua halijazama. Wa pili anahitaji mtu wa kuangalia kama huyo ndugu anaweza kweli kumlea. Mpakani, foleni ikiwa ndefu, wote huandikwa kwenye kundi moja, na hapo ndipo makosa mengi ya mbele yanapozaliwa.

#2 Mwana_Uvira

Asante mleta mada. Niongeze upande wa Kongo, maana neno "walipotezana" linaonekana jepesi na watu hawajui linavyotokea hasa.

Kwanza ni maji. Februari 2025 Bukavu ilipoanguka, watu kwa makumi ya maelfu walivuka kuingia Burundi, wengi wakikata mto Ruzizi kuelekea Cibitoke, na uwanja wa mpira wa Rugombo ukajaa. Mahali kama hapo chombo kinachukua watu wachache. Wazazi wanawatanguliza watoto, wao wanabaki na mizigo wakisubiri zamu. Mkondo unakisukuma chombo, kinatua chini kabisa ya mto. Wazazi wakivuka wanatua pengine. Umbali ni mdogo, ila kuna giza, kuna umati, na mtoto wa miaka 6 hajui jina la mahali alipo.

Ziwa Albert, mwishoni mwa 2017 hadi 2018, watu wa Ituri wakitoka Tchomia kwenda Sebagoro upande wa Uganda, ilikuwa hivyo hivyo, na nauli ya mtumbwi juu yake. Nauli ni kwa kichwa. Pesa ikitosha vichwa vitatu na familia ina watu saba, wanaotangulia ni watoto, na mkubwa wao ana miaka 12.

Pili, na hili halisemwi sana: kuvuka kwa kwenda na kurudi. Bunagana na vijiji vya Rutshuru, wazazi walikuwa wanalala Uganda na watoto, asubuhi wanarudi Kongo kuangalia mashamba, maana chakula kiko huko. Waasi wa M23 walipouteka mji wa Bunagana Juni 2022, mzazi aliyekuwa shambani siku hiyo alikwama upande wa pili wa mapigano. Kwenye rejista watoto wake wameingia kama "wamefika peke yao". Hawakufika peke yao, waliachwa peke yao na mstari wa mbele uliosogea. Ukimwuliza mtoto "ulikuja na nani?" atasema "na mama." Karani asiye na subira anaona mtoto anadanganya.

Tatu ni malori. Kutoka mpakani kwenda kituo cha muda kama Nyakabande, au kutoka huko kwenda makazi kama Nakivale, gari likijaa linaondoka. Mama kashuka kutafuta maji, mtoto yupo juu. Hii ndiyo rahisi kuliko zote kuizuia: orodha iandikwe kwa kaya kabla ya kupanda, na kaya isigawanywe, hata kama nafasi moja itabaki wazi.

#3 BintiUjiji

Naomba kuuliza wakuu. Kama watoto ni wengi hivi, kwa nini wasijengewe kituo kimoja kikubwa hapo mpakani, wakusanywe wote, walishwe, ndipo wazazi watafutwe? Kumkabidhi mtoto kwa familia nyingine ya wakimbizi ambayo nayo haina kitu, sioni mantiki yake.

#4 Nyakanazi

Dada BintiUjiji, swali la msingi hilo, na jibu lake lilipatikana kwa gharama kubwa Goma mwaka 1994.

Baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, watoto zaidi ya 100,000 walitenganishwa na familia zao ndani ya Rwanda na nchi jirani. Goma vikafunguliwa vituo vingi vya watoto. Vituo vilikuwa na chakula cha uhakika, maziwa na dawa, wakati nje kipindupindu kinaua watu kila siku. Mzazi aliyekuwa anamwona mtoto wake anakufa akafanya jambo lenye akili timamu: akamwacha mlangoni mwa kituo. Kwa hiyo vituo vyenyewe vikaanza kuzalisha watoto "wasio na wazazi". Idadi ilipanda bila mapigano yoyote mapya.

Funzo likaingizwa kwenye Miongozo ya Pamoja ya mwaka 2004 kuhusu watoto waliotengana na familia, iliyotolewa na mashirika sita makubwa yakiwemo UNICEF, UNHCR na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu. Msaada upelekwe kwa kaya zote zenye dhiki, si kwa mtoto aliye peke yake tu, na kituo kiwe cha muda mfupi.

Familia ya malezi hupimwa, hairushiwi mtoto kama mzigo. Izungumze lugha ya mtoto na kujua desturi za kwao. Ndugu wa tumbo moja wasitenganishwe, hata kama kaya ya kuchukua watatu ni ngumu kupata. Mlezi aelezwe mbele ya mtoto kwamba huyu ana kwao na anatafutiwa, kwa sababu mlezi akishamzoea, siku mama halisi akipatikana huwa ni vita. Na afisa aende nyumbani: wiki ya kwanza lazima, kisha kila mwezi, na azungumze na mtoto mlezi akiwa hayupo. Cha kutazama ni nani anachota maji, nani anakwenda shule, nani anakula mwisho.

Vijana wa miaka 16 au 17 wakati mwingine hukataa kabisa kuwekwa kwa familia. Hao huweza kuishi pamoja kama kaya yao, jirani na mtu mzima anayewaangalia. Kuwalazimisha kunawafanya watoroke kambi, na wakishatoroka hakuna anayejua waliko.

#5 Sema_Kweli

Mimi naona mnalipamba jambo. Wazazi wengi wanawatuma watoto makusudi, na lengo ni kwenda Marekani, Canada na Australia. Mtoto akifika kambini anasema yatima, anapewa ndege, baadaye anawavuta wazazi. Kila mtu anajua.

#6 Wakili_Lodwar

Ndugu Sema_Kweli, kuna chembe ya ukweli hapo, ila umeijengea nyumba nzima. Tuichambue.

Dhana hiyo ina mwanzo wake. Kuanzia 1987, wavulana wapatao 20,000 wa Sudan ya kusini walitembea kwa miguu hadi kambi za Ethiopia, Pinyudo ikiwa mojawapo. Mengistu, mtawala wa Ethiopia, alipoanguka Mei 1991 wakafukuzwa, wengi wakafa mto Gilo, waliosalia wakazunguka hadi Kenya mwaka 1992, na kambi ya Kakuma ikaanzishwa. Mwaka 2001 takriban 3,800 kati yao walipelekwa Marekani. Habari hiyo ilienea ukanda mzima, na kwa miaka mingi baadaye wazazi waliamini kwamba mtoto aliye peke yake anapewa kipaumbele.

Lakini angalia miaka: ilipita zaidi ya kumi kati ya kuondoka nyumbani na kupanda ndege. Hakuna mzazi anayepanga safari ya namna hiyo. Wengi walikuwa wamehesabiwa yatima, baadaye wakagundua mama yuko hai. Na milango imezidi kufungwa: Januari 2025 Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, na hata kabla ya hapo mtoto hakupelekwa popote bila jopo kukaa na kuamua juu ya maslahi yake, likiangalia kwanza kama familia imetafutwa ipasavyo.

Kuna jambo kwenye hesabu hizo za 2001 ambalo linanisumbua zaidi ya hayo. Kati ya wote hao, wasichana hawakufika mia moja. Walikuwa wapi? Walipofika Kakuma, wavulana waliwekwa kwenye makundi yao na wakaandikwa hivyo. Wasichana waligawiwa kwa familia, na tangu siku hiyo hawakuwa tena "watoto walio peke yao" kwenye karatasi. Walikuwa mikono ya kazi, na baadaye mahari. Mpaka leo, ukiona orodha yenye wavulana wanane na wasichana wawili, usiseme wasichana hawasafiri. Uliza wamefichwa katika kaya zipi.

Sasa, kinachowapeleka wengi Kakuma leo kutoka Jonglei au Equatoria Mashariki ni shule. Kambi inafuata mtaala wa Kenya, na vita vya Desemba 2013 na Julai 2016 viliua shule nyingi kwao. Familia inatuma watoto watatu na binamu wa miaka 19, wanapitia Nadapal hadi Lokichoggio. Binamu anaorodheshwa mkuu wa kaya. Miezi kadhaa baadaye anarudi Juba kutafuta kazi, na watoto wanabaki na kadi ya mgao isiyo na mtu mzima. Ukisoma faili utadhani ni watoto wa vita. Ni watoto wa shule walioachwa.

Kuhusu uongo wa "yatima", mzazi anayesoma hapa azingatie. Mtoto akiandikwa kuwa wazazi wamekufa, faili haitatafuta wazazi. Siku atakapotaka kuungana nanyi kihalali, yale maelezo ya kwanza ndiyo yatakayotumika kukataa ombi lake. Unamwokoa leo, unamfungia mlango kesho.

#7 Chalinze_Tunduma

Naona njia ya kusini imesahaulika, na sisi Tanzania ndio tuko katikati yake.

Vijana wa Hadiya na Kembata, kusini mwa Ethiopia, huingia Kenya kwa Moyale, wanafichwa Nairobi, wanavuka kwa njia za panya Kilimanjaro au Tanga, kisha barabara kuu ya Morogoro, Iringa, Mbeya hadi Tunduma au Kasumulu. Lengo ni Afrika Kusini, ambako ndugu ana duka. Wengi wana miaka 15 hadi 17. Hapa hakuna risasi nyuma yao. Kuna ardhi isiyogawika tena na kuna nyumba ya jirani yenye bati jipya lililonunuliwa na pesa za Johannesburg. Uamuzi ni wa familia: ng'ombe anauzwa au shamba linawekwa rehani. Dalali hulipwa kwa awamu, sehemu ya kwanza safari ikianza na iliyobaki mtoto akivuka vituo fulani. Ndiyo maana mtoto hawezi kuamua kurudi katikati. Deni limeshaingia nyumbani.

Vifo vya njia hii ni vya kukosa hewa. Gari lililofungwa, watu wamepangwa kama magunia, dereva anaogopa kizuizi cha polisi hivyo hafungui. Juni 2012 maiti zaidi ya 40 za Waethiopia zilikutwa zimetupwa msituni Chitego, Dodoma. Machi 2020 kule Tete, Msumbiji, kontena lilifunguliwa likakutwa na maiti 64.

Wanaokamatwa wanashtakiwa kwa kuingia nchini bila kibali, na hapo linaibuka suala la umri. Dalali amemfundisha mtoto aseme ana miaka 18 au 20 ili asitenganishwe na kundi. Anasema hivyo, anaandikwa hivyo, anapelekwa gereza la watu wazima. Baadhi ya maofisa huomba picha ya mifupa ya kiganja. Kipimo hicho kinalinganishwa na kitabu cha picha cha Greulich na Pyle, kilichotokana na watoto wa Kizungu wa Cleveland, Ohio, waliopigwa picha hasa miaka ya 1930. Kinaweza kukosea miaka miwili huku au kule. Kijana wa 16 aliyelishwa ugali na kufanya kazi nzito tangu utotoni hawezi kupimwa kwa mifupa ya Ohio. Njia ya heshima ni mahojiano: alianza darasa la kwanza lini, mdogo wake ana umri gani, alikuwa darasa la ngapi tukio fulani lilipotokea kwao. Shaka ikibaki, imwendee mtoto.

#8 Shamba_Kasulu

Burundi na Kigoma je? Hapa ni vibarua.

Familia ya kijijini Burundi inalima eneo la wastani wa karibu nusu hekta. Ikiwa na watoto sita, au ikiwa ni watoto wa mke aliyefariki, kuna wasiopata kitu. Miezi ya njaa kabla ya mavuno, kijana wa miaka 13 hadi 16 anavuka Malagarasi au anapita vichakani karibu na Mabamba kuja kulima. Makubaliano ni ya mdomo: chakula na mahali pa kulala sasa, malipo baada ya mavuno.

Kasoro iko kwenye tarehe ya malipo. Mtu asiye na kibali anayedai ujira wa msimu mzima ni rahisi kumwondoa: mwenye shamba anapiga simu, wahamiaji "haramu" wanachukuliwa, deni limefutika. Hakuna mkataba, hakuna shahidi, na mtoto hajui hata jina kamili la tajiri wake.

Watu husema "lakini alikuja kwa hiari." Kisheria kauli hiyo haina uzito kwa mtoto. Itifaki ya Palermo ya mwaka 2000, ya Umoja wa Mataifa dhidi ya usafirishaji haramu wa binadamu, kifungu cha 3, inasema ridhaa ya mtoto haihesabiki, na hata haihitajiki kuonyesha kwamba alidanganywa au alitishwa. Ukimsafirisha, kumpokea au kumhifadhi mtoto kwa lengo la kumnyonya, imetosha. Tanzania ina sheria yake ya kuzuia usafirishaji haramu wa binadamu ya mwaka 2008, na Sheria ya Mtoto ya 2009 inaruhusu kazi nyepesi tu kuanzia miaka 14 na kukataza kazi za hatari kabla ya 18. Na tusinyooshee wengine vidole tu: watoto wa Kitanzania wenye ulemavu wamekutwa Nairobi wakiombeshwa barabarani, jioni pesa inachukuliwa na aliyewapeleka.

#9 Mtafuta_Ndugu

Kazi ya kutafuta familia inaharibikia kwenye karatasi ya kwanza, kwa hiyo nieleze hiyo karatasi.

Majina. Burundi na Rwanda ndugu wa baba mmoja mama mmoja hawatumii jina la ukoo la pamoja. Kila mtoto ana lake. Ukitafuta kwenye kompyuta "wote wenye jina hili" hutapata ndugu hata mmoja. Mwethiopia, Mwiritrea na Msomali wana jina lao, la baba, la babu. Ukigeuza mpangilio umepoteza mtu. Na mtoto mdogo hajui jina la mama. Anajua "Mama Furaha". Andika hilo hilo, kisha uliza: Furaha ni nani, ni mkubwa au mdogo wako? Baba majirani wanamwitaje? Anafanya kazi gani?

Mahali. Usiandike "Kivu". Shuka: teritwari, sheferi, grupema, kijiji. Sudan Kusini ni kaunti, payam, boma. Ethiopia ni wilaya ya woreda, kisha kebele. Burundi ni komuni, zoni, mlima, na hapa tahadhari: mwaka 2025 mikoa 18 ilipunguzwa kuwa 5 na komuni 119 kuwa 42. Aliyetoka Makamba sasa yuko mkoa wa Burunga, wa Muyinga yuko Buhumuza. Andika la zamani na jipya, vinginevyo faili mbili za ndugu wawili hazitakutana. Halafu alama: kanisa la dhehebu gani, jina la mwalimu mkuu, siku ya soko, kuvuka mto ukienda shule au la. Mtoto wa miaka 7 asiyejua kijiji chake anaweza kuchora njia ya kutoka nyumbani hadi kisimani.

Kutengana. Siku, mahali, nani alikuwepo, wamevaa nini, wameelekea wapi. Kwa mtoto asiyejua kusema, zingatia aliyemleta: alimwokota wapi hasa, saa ngapi, pamoja na nani. Nguo, shanga, kamba ya kiunoni, chochote alichokuja nacho kihifadhiwe. Kuna wenye huruma wanaomwogesha mtoto na kutupa matambara yake, na kumbe ndiyo pekee ambayo mama angeyatambua.

Simu. Namba ya Burundi ina tarakimu 8 baada ya 257. Ya Kongo 9 baada ya 243. Ikikosekana moja, jua tangu hapo kwamba imekosewa, mwulize tena mtoto angali anakumbuka. Wazazi mlio sehemu za hatari: shoneni namba mbili ndani ya nguo, moja ya mtu aliye *nje* ya eneo la mapigano, pamoja na namba ya nchi. Karatasi ya mfukoni huloa.

Msalaba Mwekundu hubeba barua za familia bure. Barua huwa wazi na ni ya habari za nyumbani tu. Ukitia habari za majeshi haitafika.

Mtu akijitokeza kudai mtoto, msikutanishe papo hapo. Maswali yale yale yaulizwe kwa mtoto na kwa mdai, kila mmoja peke yake, na mdai asiyaone majibu ya mtoto. Kwa mtoto mdogo, picha ya mdai ichanganywe na za watu wengine kadhaa. Anayekataa utaratibu huu kwa hasira huenda ni mzazi mwenye uchungu, na huenda siye. Utaratibu uendelee.

#10 Dereva_Kabanga

Wakuu, sisi tulio barabarani tufanye nini? Mtoto yuko stendi, analia, hajui Kiswahili vizuri. Watu wanapiga picha wanarusha WhatsApp.

#11 Nyakanazi

Kaka, picha usirushe. Anayemtafuta mtoto si lazima awe mzazi. Kuna dalali anayemdai, kuna kundi alilolitoroka, na ukiandika na stendi umewaelekeza.

Piga 116. Ni namba ya bure ya watoto Tanzania, na Kenya na Uganda pia wanatumia 116. Mwite afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, na dawati la jinsia na watoto la polisi. Wakati unasubiri, mpe maji na chakula, mkae mahali wazi panapoonekana na watu, awepo mwanamke anayeaminika. Tafuta anayezungumza lugha yake, ila asiwe mtu aliyejitokeza mwenyewe akisema "namjua huyu". Usimpandishe gari lingine "akafike mbele", maana ukimsogeza hata kituo kimoja umeharibu kumbukumbu ya mahali alipoonekana. Andika saa, gari aliloshuka na namba yake. Usimhoji kuhusu vita wala kipigo. Hayo yana watu wake, na mtoto anayerudia hadithi kwa watu kumi huanza kuibadilisha ili aridhishe wasikilizaji.

#12 BintiUjiji

Asanteni. La mwisho: mzazi akipatikana, mtoto si anarudi tu?

#13 Mtafuta_Ndugu

Hapana dada, na hapa tunarudi kwenye swali la mleta mada. Aliyepotezana na familia, ukishathibitisha undugu, mzazi anamtaka, naye anataka kwenda, na kwao kuna amani, basi arudi haraka. Aliyetangulizwa ili asichukuliwe na wapiganaji, kumrudisha wakati kundi lile lile bado linashika kijiji ni kumkabidhi kwao. Huyo aunganishwe na wazazi kwa simu na barua, abaki. Aliyekimbia kuozwa, mazungumzo yaanze na shangazi au bibi atakayesimama naye, na aliyepokea mahari aulizwe imerudishwa au la. Aliyetumwa kwa deni la ng'ombe, bila kulitazama deni atakuwa barabarani tena kabla ya mvua zijazo.

Utaratibu wenyewe: ridhaa ya mtoto ichukuliwe peke yake, ya mzazi iandikwe, mamlaka za nchi zote mbili zikubali, asindikizwe na mtu anayemfahamu hadi mlangoni, apewe hati ya shule aliyosoma kambini ili asirudishwe darasa la chini. Kisha atembelewe baada ya kufika. Na mzazi asipopatikana, watu wasikimbilie kumuasili mtoto, yaani kumfanya wao kisheria: sera ya UNHCR imekuwa kusubiri kwa kawaida miaka miwili ya utafutaji kabla ya hatua hiyo, kwa sababu vita vikitulia simu zilizokuwa zimezimwa huanza kupokelewa.